Haya ya Mzee Picha

Mkwe wangu, mume wa binti yangu, ni kinyozi, na wateja wake wanamwita Wakili kwa sababu hajawahi kumnyoa mtu bila kumshinda kwa maneno. Ukikaa kwenye kiti chake na mawazo yako kuhusu mpira au bei ya mchele, utainuka na mawazo yake. Ndiyo maana siku tuliyokwenda kutoa bei yetu ya nyumba, mimi na binti yangu tulimwachia yeye usukani, tukanyamaza kama tulivyoagizwa.

Nyumba ilikuwa ya mpiga picha mmoja mstaafu, ambaye mtaa mzima ulimwita Mzee Picha. Ina vyumba vitatu vya kulala, jiko la kutosha watu wawili wasiogombana, na mlango wa mbele wa bluu uliobabuka rangi kwa chini, pale mvua inaporukia. Yote hayo ni ya kawaida. Lakini chumba kinachotazama barabara ndicho kilichokuwa studio yake, na kina dirisha ambalo sijawahi kuliona kwenye nyumba ya mtu asiye tajiri. Linaanzia usawa wa goti langu na kufika karibu na dari. Mwanga unaingia, jua lenyewe linabaki nje.

Binti yangu ni fundi cherehani. Hapo tulipokuwa tumepanga, anashonea chumba cha nyuma, na ikifika alasiri kitambaa cheusi na uzi mweusi vinakuwa kitu kimoja. Utamwona anainuka, anakwenda mlangoni na sketi ya mtu mkononi, anaigeuza geuza kwenye mwanga, anarudi, anashona kidogo, anainuka tena. Nami nalala humohumo katikati ya majora ya vitambaa, na asubuhi naamka na nyuzi kwenye nywele. Mwenye nyumba alikuwa ameshatuambia anavunja jengo, mwisho wa mwaka tuwe tumetoka. Tulitafuta sana. Kila tulichokiweza kilikuwa ghorofani, na binti yangu alisema mteja anayekuja kupunguza kiuno cha suruali hapandi ngazi.

Siku aliyoliona lile dirisha mara ya kwanza alinyoosha mkono wake kwenye mwanga, akaangalia kiganja, akaangalia mgongo wa mkono, akaurudisha mfukoni. Tulipofika nyumbani akatia chumvi kwenye chai.

Sasa, Mzee Picha alikuwa ametaja bei yake, na benki ilikuwa imetaja mkopo wake, na hata tukijumlisha akiba yetu yote palibaki pengo. Tarakimu sitaziandika, maana za nyumba zinatia kizunguzungu. Kwetu pengo tulilipima kwa cherehani. Lilikuwa sawa na cherehani tatu mpya za umeme, zile nzito za kiwandani. Bei isiposhuka kwa cherehani tatu, hatuna nyumba. Mkwe akasema basi tuanze kwa kuomba zishuke tano, tukisukumwa turudi tatu.

Alitufanyisha mazoezi jikoni, yeye akiwa Mzee Picha, taulo begani.

"Usisifu kitu," alimwambia mke wake. "Ukisifu tu, bei inapanda palepale. Na dirisha usilitazame."

"Nitatazama wapi, na dirisha ndilo ukuta?"

"Tazama dari. Dari ina doa."

"Na mimi?" nikauliza.

"Wewe mama uwe na huzuni kidogo."

"Huzuni ya nini?"

"Ya bei."

Basi tukaenda, Jumamosi asubuhi. Mke wa Mzee Picha, mama mfupi mwenye sauti kubwa, alitukaribisha mlemle studio, akatuketisha kwenye kochi refu, akaenda kuchemsha chai. Mzee alikaa mbele yetu kwenye kiti cha mbao, mikono magotini. Ni mtu wa maneno machache sana. Salamu yenyewe aliigawa nusu nusu.

Mkwe alianza. Aliisifu nyumba kwa kipimo kidogo, kama mtu anayetia chumvi kwenye chakula cha mgonjwa, kisha akaingia kwenye kasoro. Bawaba za mlango zinalia. Bomba la bafuni linadondosha. Akafika kwenye doa la dari na kulieleza mpaka nikaanza kuliogopa. Binti yangu alikuwa amelikazia macho muda wote, nikawa na wasiwasi shingo yake itabaki hivyohivyo. Mimi nilijaribu kuhuzunika, lakini chumba kile kilikuwa kizuri mno, huzuni ikanigomea. Ikabidi nifikirie jino langu la nyuma.

Mwishowe mkwe akataja bei yetu, ile ya cherehani tano.

Mzee Picha hakukunja uso. Alisogea mbele kwenye kiti, akainamisha kichwa kidogo upande, akafumba jicho moja, akatupitia sote watatu kutoka mwisho hadi mwisho. Akainua kidole. Akasema:

"Haya."

Mkwe aliruka kutoka kwenye kochi kama aliyekalia sindano. Aliushika mkono wa mzee kwa mikono yake miwili. "Asante sana, mzee wetu. Mungu akuzidishie." Akatuinua mimi na binti yangu kwa macho tu, na kabla sijavaa viatu vyangu vizuri tukawa tunatoka. Mlangoni tulipishana na yule mama akija na sinia la vikombe. Mkwe akampungia mkono kama mtu aliye ndani ya basi.

"Tembeeni," alinong'ona barabarani. "Msikimbie. Asije akafikiri upya."

Nyumbani kulikuwa na sherehe isiyo na wageni. Binti yangu alivua viatu akacheza peke yake katikati ya majora, akaja mteja kuchukua sare ya mtoto, binti yangu akamwambia, "Mwezi ujao usije huku, uje kule kwenye mlango wa bluu." Mteja akauliza mlango upi wa bluu. Akaelekezwa mpaka akachoka. Mkwe alipita huku na huku akijirudia hotuba yake mwenyewe, na kila akifika kwenye doa la dari anacheka. Nilifurahi na mimi, kwa nini nisifurahi? Ningepata chumba chenye mlango.

Ila nilikuwa nimekaa na bakuli la vifungo, nachambua vyeupe na vya rangi ya maziwa, na kazi ile inaacha kichwa kikiwa huru. Neno la mzee likaanza kunirudia.

Unajua, haya si neno moja. Kuna haya ya kukubali, ambayo mtu huisema huku akitoa pumzi, inashuka. Kuna ya kumfukuza mgeni kwa adabu, ile ya haya haya, inatoka mara mbili. Kuna ya kumwambia mtu nimekusikia na upuuzi wako, endelea. Hiyo inaburutwa mwishoni kama ndala. Ya mzee haikuwa yoyote kati ya hizo. Ilikuwa fupi, na ilisimama katikati ya njia, kama mtu aliyeinua mguu hajaukanyaga.

"Mkwe wangu," nikasema, "ile haya uliisikiaje?"

"Niliisikia kwa masikio, mama."

"Hebu iseme alivyoisema."

Akaisema. Ilishuka.

"Hakushusha hivyo," binti yangu akasema. Akaacha kucheza. "Alisema, haya." Yake ikapanda.

"Hiyo ni ya kuuliza."

"Hakuuliza, ila ilipanda."

"Haikupanda wala kushuka," nikasema. "Ilikuwa hivi: haya."

Tukakaa tunasema haya, mmoja mmoja, watu wazima na akili zetu. Jirani akachungulia kuuliza kama tunafundisha kasuku. Na mkwe, mtu asiyeshindwa na mtu, akaanza kukuna kidevu.

Simu ikaita. Ilikuwa yangu, kwa sababu mimi ndiye niliyebadilishana namba na yule mama siku ya kwanza.

"Mwenzangu," akasema, na sauti yake ikajaa chumba chetu chote, "tumewakosea nini?"

"Hamjatukosea kitu, dada."

"Sasa mbona mliondoka? Nimepika chai, nimekata mkate, nakuja nakuta watu wanapungiana mikono. Mzee anauliza mmekasirika?"

"Yeye si ndiye aliyetuambia haya?"

"Ndiyo, aliwaambia haya. Nyie mkaondoka."

"Kwani dada, haya yake maana yake nini?"

"Maana yake tulieni. Miaka yote hiyo ya studio, mtu akikaa kwenye kiti, mzee anaangalia, anasema haya, na hapo hakuna kupepesa jicho mpaka abonyeze. Nyumbani pia ndivyo hivyo. Akisema haya, anataka utulie, ana jambo analipanga kichwani." Akavuta pumzi. "Alikuwa anataka kuwaambia bei yake. Kuinua kichwa, kochi tupu. Na sasa kuna bwana mwingine anayeitaka nyumba, muuza vipuri vya magari, amepiga simu, anakuja kesho asubuhi na watu wake. Ndio nikasema niwaambie."

Sikuwa na haja ya kuwapa habari. Walikuwa wamesikia. Binti yangu alikuwa ameshika mkasi. Akauweka mezani polepole, akaangalia mlango aliokuwa ametokea yule mteja wa sare. Furaha yote ilimtoka miguuni. Mkwe akasema kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Kwa hiyo tumekimbia bei kabla haijatajwa."

Hapo mimi ndiye niliyeanza kucheka. Sikutaka, ilinitoka. Niliwaza yule mzee na kidole chake juu, anatafuta tarakimu, na sisi tunamshukuru Mungu tunatoroka. Binti yangu akanitazama kwa hasira, kisha mdomo ukamtetema, naye akaangua. Mkwe akangoja mpaka tukaishiwa.

"Mmemaliza?" akasema. "Vaeni viatu. Njiani nitawapa mpango mpya."

"Mpango mpya ninao mimi," binti yangu akasema. "Leo naongea mimi."

Tulifika alasiri. Yule mama alifungua mlango akicheka tayari, na mzee alikuwa amekaa kwenye kiti kilekile. Mkwe aliomba radhi, lakini uwakili ukamwasha, akashindwa kujizuia.

"Ila mzee wetu, ukiangalia kwa haki, mtu akitaja bei na mwenzake akasema haya, hapo kidogo pana makubaliano."

"Mwanangu," mke wa mzee akadakia, "mimi niliingia humu kupiga picha ya kitambulisho, msichana mbichi. Akaniambia haya, nikatulia. Mpaka leo nimetulia. Sasa na mimi nimshitaki?"

Mzee Picha akacheka bila sauti, mabega tu. Chai ikaja, safari hii tukainywa. Kisha akasema alichokuwa amekipanga asubuhi: yuko tayari kushusha bei yake, kwa kiasi ambacho sote watatu tulikipiga hesabu kimoyomoyo na kukuta kinafika cherehani moja. Moja tu. Pengo la mbili likabaki limekaa katikati yetu kama mtu wa sita.

Mkwe akageuza macho kwenye doa la dari. Binti yangu akaweka kikombe chini.

"Baba," akamwambia mzee, "sitakuficha. Hilo doa silijali. Nalitaka hili dirisha."

Mkwe akafunika uso kwa kiganja.

"Unalitakia nini?" mzee akauliza.

Binti yangu akafungua mkoba, akatoa koti jeusi la mteja, ambalo bado limeshonwa nusu. Akasogea dirishani akalikunjua. Akamwonyesha mzee mshono mweusi juu ya kitambaa cheusi, akaupitisha ukucha. "Huku kwako nauona uzi mmoja mmoja. Kwangu lazima nisimame mlangoni. Na ona saa hii ilivyo, alasiri, na bado hakuna kivuli cha mkono wangu."

Mzee aliinuka. Alisimama pembeni yake, akaangalia lile koti muda mrefu kuliko watu wengi wanavyoangalia koti la mtu mwingine.

"Hakuna kivuli kwa sababu ya ule ukuta mweupe ng'ambo," akasema. Hiyo ilikuwa sentensi ndefu kuliko zote alizokuwa amesema. "Niliwaomba wenyewe waupake chokaa. Nilinunua chokaa mimi. Kila wakisahau, naenda kuwakumbusha." Akakaa. "Yule wa vipuri ananiuliza tofali ngapi zitaziba hapa. Anaogopa wezi."

"Basi atakupa bei yako yote," mkwe akasema kwa huzuni ya kweli, ile niliyoikosa mimi asubuhi.

"Hajataja. Anaweza kutaja kesho." Mzee akamtazama mkewe. Mkewe akatazama mapazia yake. Nikamwona anavyoyatazama, kwa sababu mimi natazamaga watu wanachotazama, na nikajua makubaliano yataingilia wapi.

"Dada," nikamwambia, "huko mnakohamia ni kwa nani?"

"Kwa mtoto wetu wa kiume. Ametujengea upande wetu, vyumba viwili. Fundi wa dari anamwambia wiki ijayo, kila wiki anamwambia wiki ijayo. Mimi nalala nawaza mkinunua nyie tutakwenda kukaa na masanduku kwa nani."

"Na madirisha ya huko yana mapazia?"

"Mapazia? Kuna mashuka yametundikwa. Na makochi haya tunakwenda nayo, utazame yalivyochanika mikono."

Binti yangu alikuwa ameshaelewa. Mwanangu huyo hahitaji kukonyezwa. Alipitisha mkono kwenye mkono wa kochi, akavuta pamba iliyotokeza, akakunja midomo kama wanavyofanya mafundi wakitaka kukutajia bei, ila safari hii alikuwa anajitajia mwenyewe. Akasema atavalisha makochi yote upya, kwa kitambaa chake mwenyewe, na mapazia ya vyumba viwili yenye bitana, na mito. Mama akauliza kama mito itakuwa na marinda. Itakuwa nayo. Nami nikaongeza kwamba wasitoke mpaka dari ya kwao iishe, hata ikipita miezi miwili, bila kodi, maana sisi kwetu tuna mpaka mwisho wa mwaka. Chumba cha mbele tu watuachie mapema, kazi isisimame.

"Hiyo ni cherehani moja na nusu," mkwe akanong'ona, akisahau kwamba wenzetu hawajui kipimo chetu.

"Cherehani gani?" mzee akauliza.

Ikabidi aelezwe. Alipoelewa kwamba nyumba yake imekuwa ikipimwa kwa cherehani alifurahi kuliko tulivyotegemea, akataka kujua jiko peke yake ni cherehani ngapi. Mkwe akamwambia. Mzee akasema jiko lisiguswe, hiyo ni dharau, lina thamani zaidi.

"Bado nusu," mkewe akasema. Naye alikuwa ameshaingia kwenye hesabu.

Mkwe akajiweka sawa. "Nusu iliyobaki naitoa mimi. Mzee nitamnyoa bure maisha yake yote."

Mzee Picha akavua kofia. Kichwa kilikuwa kitupu, kinang'aa kama sahani.

 Mkewe akaangua kicheko, na mkwe akakikagua kile kichwa kutoka paji hadi kisogo, akitafuta hata unywele mmoja. "Basi ndevu," akasema mwishowe. Mzee akajipapasa kidevu, akasema ndevu ndizo zinazomtesa, mkono siku hizi unatetemeka na wembe anauogopa. Lakini awe anafuatwa huko kwa mtoto wake, kila Ijumaa, na asisikilizishwe hoja.

"Ninyoe bila kuongea?"

"Ndiyo nusu yenyewe hiyo."

Mkwe alifikiri. Naapa alifikiri, na alionekana anaumia. Kisha akatoa mkono.

Safari hii hakuna aliyeharakisha. Mzee alituuliza mmoja mmoja kama tumekubali, akitaka tuseme "nimekubali," neno zima. Tukasema. Akasema na yeye. Mkewe akampigia yule bwana wa vipuri palepale, akamwambia asijisumbue, akamtakia heri kwa sauti iliyofika hadi kwenye ule ukuta wa chokaa. Maandishi tulipanga kuyafanya Jumatatu kwa mwanasheria, pande zote mbili zikiwepo.

Binti yangu akaomba ruhusa ya kupima. Akatoa utepe, mzee akashika mwisho mmoja, wakaupima urefu wa dirisha, halafu upana, halafu nafasi ya kutoka dirishani hadi mlangoni. Akasema meza ya kukatia itakaa hapa, katikati. Mkwe akasema haiwezekani, mteja akiingia atagonga nyonga, iwekwe ukutani. Binti yangu akasema ukutani ni pa cherehani. Mkwe akasema cherehani zikae kona. Mzee Picha, bado kashika utepe, akasema kona ile ina mwanga wa uongo baada ya saa tisa, yeye anaijua, na meza isogezwe mbele kwa hatua moja. Mkwe akaanza kutoa hoja. Binti yangu akamkata. Sauti zikapanda, watatu kwa pamoja, kila mmoja akinyoosha kidole upande wake.

Nilitaka kuwatuliza, lakini mke wa mzee akanivuta mkono, akaniongoza hadi chumba kidogo cha nyuma kilicho karibu na jiko, akanionyesha kitasa na ufunguo wake.

"Waache," akasema. "Hao wameshahamia. Njoo uone chumba chako."